Uimarishaji na Adhabu: Jinsi Matokeo Yanavyojenga na Kuzima Tabia

Ukimaliza sehemu hii uweze:

- kueleza maana ya ujifunzaji kwa matokeo na kuutofautisha na ujifunzaji wa Pavlov;
- kutofautisha uimarishaji chanya, uimarishaji hasi, adhabu chanya na adhabu hasi;
- kueleza jinsi tabia ngumu inavyofinyangwa hatua kwa hatua;
- kutaja ratiba nne za uimarishaji na kutoa mfano wa kila moja;
- kujadili kinachowezekana na kisichowezekana kwa kutumia adhabu.

1. Wazo la msingi

Mtoto aliyegusa jiko la mkaa likamuunguza hahitaji kuambiwa mara ya pili. Muuza matunda aliyehamisha meza yake kutoka uchochoroni hadi kituo cha daladala, akamaliza machungwa yote kabla ya jua kuzama, kesho atarudi kituoni. Hakuna aliyewapa somo watu hawa wawili. Walifanya kitu, kikatokea kitu, na kilichotokea ndicho kilichoamua watakachofanya tena.

Ujifunzaji wa namna hii huitwa ujifunzaji kwa matokeo. Vitabu vingine huuita ujifunzaji wa operanti. Operanti ni tendo ambalo kiumbe hulifanya mwenyewe na ambalo huleta mabadiliko fulani katika mazingira yake: kuuliza swali, kubonyeza kitufe, kulia, kuchelewa, kufagia.

Usiuchanganye na ujifunzaji uliochunguzwa na Ivan Pavlov wa Urusi. Mbwa wa Pavlov alitokwa na mate aliposikia sauti iliyozoea kutangulia chakula. Mate yalitoka yenyewe, na chakula kililetwa hata kama mbwa hakufanya lolote. Katika ujifunzaji kwa matokeo, kiumbe lazima atende kwanza, ndipo matokeo yafuate. Kwa kifupi: kwa Pavlov, kichocheo hutangulia na mwitikio hufuata, hapa, tendo hutangulia na matokeo hufuata.

2. Chimbuko la nadharia

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha utafiti wake juu ya wanyama. Alimweka paka mwenye njaa ndani ya sanduku lenye mlango uliofungwa kwa kamba au kikanyagio, na chakula kikawekwa nje. Mwanzoni paka alikwaruza, akauma na kurukaruka ovyo, mpaka kwa bahati akagusa kilichofungua mlango. Aliporudishwa tena na tena, muda wa kutoka ulipungua kidogo kidogo. Thorndike alihitimisha kwamba matendo yanayofuatiwa na matokeo ya kuridhisha huelekea kurudiwa, na yanayofuatiwa na matokeo ya kukera huelekea kuachwa. Kanuni hiyo inaitwa sheria ya matokeo.

B. F. Skinner (1904–1990), naye Mmarekani, aliendeleza kazi hiyo. Alitengeneza kisanduku chenye wenzo mdogo ambao panya akiubonyeza, punje ya chakula hudondoka. Kifaa kilichounganishwa na kisanduku kilichora mstari kila wenzo ulipobonyezwa, hivyo Skinner aliweza kuona kasi ya tabia ikipanda na kushuka. Matokeo ya kazi hiyo aliyatoa katika kitabu chake cha mwaka 1938. Jambo kubwa aliloongeza ni hili: hatuhitaji kukisia mnyama anaridhika au anakereka moyoni. Tuhesabu tu: je, tendo limeongezeka au limepungua?

3. Maswali mawili yanayotosha

Ukipewa tukio lolote katika mtihani, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu.

*Swali la kwanza:* Baada ya tendo, kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa? Kikiongezwa, andika "chanya". Kikiondolewa, andika "hasi".

*Swali la pili:* Baadaye, tendo hilo limeongezeka au limepungua? Likiongezeka, andika "uimarishaji". Likipungua, andika "adhabu".

| | Kitu kimeongezwa | Kitu kimeondolewa |
|---|---|---|
| Tendo limeongezeka | Uimarishaji chanya | Uimarishaji hasi |
| Tendo limepungua | Adhabu chanya | Adhabu hasi |

Hapa maneno chanya na hasi hayana maana ya "-zuri" na "-baya". Yachukulie kama alama za kujumlisha na kutoa katika hisabati.

(a) Uimarishaji chanya. Kitu kinaongezwa, tendo linaongezeka. Mwanafunzi anajibu swali darasani, mwalimu anamsifu, na kuanzia siku hiyo ananyoosha mkono mara nyingi zaidi. Sifa ni *kiimarishi*.

(b) Uimarishaji hasi. Kitu kinachokera kinaondolewa, tendo linaongezeka. Gari linalia mfululizo mpaka dereva afunge mkanda. Akifunga, mlio unakoma. Safari ijayo anafunga mapema. Vivyo hivyo mtu anayeumwa kichwa akameza dawa na maumivu yakaisha, kesho kichwa kikianza ataitafuta tena dawa ileile. Na anayeshusha chandarua kabla mbu hawajaanza kumsumbua anafanya hivyo ili kukwepa kero ambayo angekutana nayo. Kwa hiyo uimarishaji hasi una sura mbili: *kuepuka* kero iliyokwisha kuanza, na *kukwepa* kero kabla haijaanza.

(c) Adhabu chanya. Kitu kisichopendeza kinaongezwa, tendo linapungua. Dereva anapita kwenye tuta kwa kasi, gari linarushwa na kichwa kinagonga paa. Mara nyingine anapunguza mwendo. Angalia kwamba hapa hakuna mtu aliyemwadhibu. Tuta limetosha.

(d) Adhabu hasi. Kitu kinachopendwa kinaondolewa, tendo linapungua. Mchezaji aliyecheza rafu mbaya anapewa kadi nyekundu na kupoteza nafasi yake uwanjani. Dereva wa bodaboda anatozwa faini na kupoteza fedha. Kijana ananyang'anywa simu kwa wiki nzima. Iwapo rafu, makosa ya barabarani au utundu utapungua, hiyo ni adhabu hasi.

4. Kipimo ni tabia ya kesho, si nia ya leo

Maneno "iwapo utapungua" yaliyo hapo juu ndiyo kiini cha mada nzima. Kitu hakiwi adhabu kwa sababu mtoaji ameamua kukiita adhabu. Kinakuwa adhabu pale tu kinapopunguza tendo. Vilevile zawadi haiwi kiimarishi kwa sababu ni nzuri, bali kwa sababu imeongeza tendo.

Chukua mwanafunzi asiyependa hisabati. Anapiga kelele katikati ya kipindi, mwalimu anamtoa nje. Kesho anapiga kelele mapema zaidi, keshokutwa mapema zaidi ya hapo. Mwalimu anaamini anaadhibu. Lakini fanya hesabu: kitu gani kimeondolewa? Hisabati. Kelele zimefanyaje? Zimeongezeka. Jibu ni uimarishaji hasi. Anayedhani anatoa adhabu ndiye anayelipa kelele.

Kinyume chake pia hutokea. Mwanafunzi mwenye haya nyingi anasifiwa kwa sauti mbele ya mkusanyiko wa asubuhi, wenzake wanamgeukia wote. Muhula mzima uliobaki hajibu swali tena. Mwalimu alikusudia kuimarisha. Matokeo yake ni adhabu chanya.

Mfano wa tatu una watu wawili, na mtihani hupenda mifano ya namna hii. Mtoto analilia pipi dukani. Mama anakataa, mtoto anazidisha kilio, watu wanaanza kutazama, mama ananunua pipi. Kilio kinakoma.

- Kwa *mtoto*: tendo ni kulia, kilichoongezwa ni pipi. Kulia kunaongezeka. Ni uimarishaji chanya.
- Kwa *mama*: tendo ni kununua pipi, kilichoondolewa ni kelele na aibu. Kununua kunaongezeka. Ni uimarishaji hasi.

Kila mmoja anamfundisha mwenzake, na hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo kabla hujaandika jibu, taja kwanza tabia ya nani na tendo lipi unalolichambua.

5. Kufinyanga tabia: panya buku wa Morogoro

Kiimarishi hufuata tendo lililokwisha kutokea. Sasa utaimarishaje tendo ambalo kiumbe hajawahi kulifanya? Jibu ni kufinyanga: kuimarisha hatua ndogo zinazokaribia tendo unalolitaka, moja baada ya nyingine, na kuacha kuimarisha hatua za nyuma kila mpya inaposhika.

Mfano mzuri upo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mafunzo ya panya wa mabomu huchukua takribani miezi tisa.

*Hatua ya kwanza* ni kumfundisha panya maana ya mlio. Mkufunzi anabonyeza kidude kidogo kinachotoa sauti ya "klik", papo hapo anampa panya chakula kama ndizi. Baada ya kurudiwa mara nyingi, "klik" yenyewe inakuwa na thamani. Hiki huitwa kiimarishi cha kujifunza, tofauti na chakula ambacho ni kiimarishi cha asili. Fedha, alama za mtihani na sifa ni viimarishi vya kujifunza pia. Noti haina ladha, ila tumejifunza inachoweza kuleta.

Kwa nini mlio unahitajika? Kwa sababu kiimarishi hufanya kazi vizuri kikifuata tendo papo hapo. Chakula huchukua muda kufika mdomoni, na katika sekunde hizo panya anaweza kuwa ameshageuka na kujikuna. Mlio huweka alama kwenye tendo lenyewe.

*Hatua ya pili* ni kunusa tundu lenye harufu ya baruti. Mwanzoni kuleta pua kwenye tundu kunatosha kupata "klik". Baadaye lazima pua itulie hapo kwa muda, mpaka ifike sekunde kadhaa. Kisha yanaongezwa matundu yenye harufu nyingine, na ni tundu la baruti pekee linaloleta "klik".

*Hatua zinazofuata* humpeleka panya kwenye udongo, kisha kwenye uwanja wa mazoezi, ambako hujifunza kukwaruza ardhi juu ya mahali penye harufu. Uzito wake ni mdogo mno kulipua bomu.

Panya akikwaruza mahali pasipo na kitu hapigwi wala hakaripiwi. Hakuna "klik", hakuna ndizi, kazi inaendelea. Tofauti kati ya kupata na kukosa ndiyo inayomfundisha. Mmoja wa panya hao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia na huko akasaidia kugundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalohudumia wanyama. Tabia ambayo maisha ya watu yaliitegemea ilijengwa kwa ndizi na mlio.

6. Ratiba za uimarishaji

Katika maisha si kila tendo hulipwa. Mpangilio wa lini kiimarishi kitolewe huitwa ratiba ya uimarishaji. Kiimarishi kinaweza kutolewa kila mara, na hiyo ndiyo njia bora ya kuanzishia tabia mpya. Au kinaweza kutolewa mara mojamoja, na hiyo ndiyo njia bora ya kuidumisha. Ratiba za mara mojamoja ni nne. Charles Ferster na Skinner walizichambua kwa kina katika kitabu chao cha 1957.

- Idadi maalumu. Malipo huja baada ya matendo ya idadi inayojulikana. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo hufanya kazi kwa kasi, hupumzika kidogo baada ya kupima, kisha huanza tena.
- Idadi isiyotabirika. Malipo huja baada ya matendo kadhaa, lakini hujui ni mangapi. Mvuvi wa ndoano hajui ni mrusho upi utakaonasa samaki. Anayecheza kamari hajui ni mkeka upi utakaotiki. Ratiba hii huzaa kasi kubwa na tabia ngumu kuacha.
- Muda maalumu. Malipo hupatikana kwa tendo la kwanza baada ya muda unaojulikana. Mtihani wa mwisho wa muhula ni mfano unaokaribiana na ratiba hii: wiki za mwanzo madaftari hayafunguliwi, wiki ya mwisho taa haizimwi.
- Muda usiotabirika. Malipo hupatikana baada ya muda unaobadilikabadilika. Mwalimu anayekagua madaftari siku yoyote bila kutangaza hupata wanafunzi wanaoandika kwa mwendo wa wastani lakini wa kudumu.

7. Kufifia kwa tabia

Kiimarishi kikikatwa kabisa, tabia hupungua taratibu. Huku ndiko kufifia. Usikuchanganye na adhabu: katika kufifia hakuna kinachoongezwa wala kinachonyang'anywa, ila malipo yaliyozoeleka hayaji tena.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, tabia mara nyingi *huongezeka* kabla ya kupungua. Mama wa dukani akiamua kutonunua pipi tena, kilio cha siku ya kwanza kinaweza kuwa kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia. Akishindwa hapo na kununua, amefundisha kwamba kilio kikubwa ndicho kinacholipa. Pili, tabia iliyolipwa mara mojamoja hufifia polepole kuliko iliyolipwa kila mara. Mama anayekataa mara nne na kukubali mara ya tano anajenga kilio sugu kuliko anayekubali kila siku. Kwa sababu hiyohiyo kamari humshika mtu hata anapopoteza wiki nzima: ameshazoea kukosa, na bado anangoja.

8. Adhabu inafanya nini, na haifanyi nini

Hapa soma kwa makini, kwa kuwa wengi huandika majibu ya upande mmoja.

Katika kitabu cha 1938 Skinner alieleza jaribio alilofanya kwa panya waliokuwa wamezoea kupata chakula kwa kubonyeza wenzo. Chakula kilikatwa kwa wote. Kundi moja liliachwa libonyeze bila kupata kitu. Kundi la pili, katika dakika za mwanzo, wenzo uliwapiga miguu kila walipoubonyeza. Waliopigwa walipunguza kubonyeza mara moja. Lakini kipigo kilipokoma walianza tena, na mwishowe jumla ya mibonyezo yao ikalingana na ya wale ambao hawakupigwa. Skinner alisema adhabu ilikuwa imeizuia tabia kwa muda tu, haikuwa imeifuta.

Watafiti waliofuata waliongeza upande wa pili. Nathan Azrin na William Holz, katika maandishi yao ya mwaka 1966, walionyesha kwamba adhabu inaweza kupunguza tabia kwa kiasi kikubwa chini ya masharti fulani: itolewe papo hapo, itolewe kila mara, isianze kwa udogo na kuongezwa taratibu, na kiumbe awe na njia nyingine ya kupata kile alichokuwa akikitafuta. Kwa hiyo usiandike "adhabu haifanyi kazi". Andika kwamba kazi yake inategemea masharti ambayo nyumbani na shuleni ni vigumu kuyatimiza. Kosa hutendeka saa mbili asubuhi, adhabu hutolewa saa nane mchana. Leo anaadhibiwa, kesho hakuna aliyemwona.

Hata pale inapopunguza tendo, adhabu ina madhara haya:

1. Haifundishi tendo mbadala. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kukosa hesabu anajua asichotakiwa kufanya. Njia ya kupata jibu bado hajaijua.
2. Hufundisha kutambua ishara ya hatari. Darasa hunyamaza mwalimu akiwa mlangoni na kulipuka akiondoka. Kilichojifunzwa hapo ni kumtazama mwalimu.
3. Huimarisha kukwepa. Anayechelewa na kuchapwa getini anaweza siku nyingine, akiona fimbo kwa mbali, kugeuza njia. Kwa kugeuza amekwepa kiboko. Kitendo cha kutofika shuleni kimepata uimarishaji hasi. Adhabu iliyokusudiwa kupunguza uchelewaji imeongeza utoro.
4. Huleta hofu inayosambaa. Hapa ujifunzaji wa Pavlov unaingia: maumivu yakiandamana mara nyingi na somo fulani, somo lenyewe huanza kuleta hofu, na kichwa chenye hofu hakikokotoi vizuri.
5. Humlipa anayeadhibu. Kelele zinakoma papo hapo, hivyo anayeadhibu amepata uimarishaji hasi. Ndiyo sababu adhabu huendelea kutumiwa hata pale makosa yaleyale yanaporudi kila wiki.

Hoja hizi zinahusu maisha yetu moja kwa moja. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu za mwili kwa wanafunzi. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Ukiulizwa kujadili suala hili, usijenge hoja yako juu ya huruma au hasira peke yake. Uliza maswali ya mada hii: tendo lipi lilikusudiwa kupungua, je limepungua, na ni tendo gani jingine limeongezeka?

Njia inayopendekezwa na nadharia ni kuunganisha vitu vitatu: kuacha kulipa tendo baya, kuimarisha tendo jema lisiloweza kufanyika sambamba nalo, na pale adhabu inapohitajika, kutumia adhabu hasi nyepesi, ya papo hapo na inayotabirika. Kwa yule wa kelele za hisabati, mwalimu hamtoi nje; anampa maswali anayoyaweza, anamsahihishia papo hapo, na kumpandisha ngazi taratibu. Huko ni kumfinyanga, sawa na ilivyofanyika Morogoro.

9. Makosa ya kawaida katika mtihani

- Kuandika kwamba uimarishaji hasi ni adhabu. *Sahihi:* uimarishaji wowote huongeza tendo.
- Kutafsiri "chanya" kuwa nzuri. *Sahihi:* kiboko kinachopunguza tendo ni adhabu chanya.
- Kutaja aina bila kutaja tendo. *Sahihi:* anza na "Tendo ni…".
- Kuamua kwa kuangalia nia ya mtoaji. *Sahihi:* angalia tendo baadaye.

10. Swali la mfano na jibu lake

*Swali.* (a) Rehema alikuwa akichelewa kurudi nyumbani. Baba yake alimwambia kwamba siku atakayofika kabla ya saa kumi na moja jioni hataosha vyombo. Baada ya wiki tatu alikuwa akifika mapema karibu kila siku. Taja aina ya matokeo yaliyotumika na ueleze. (b) Kaka yake alinyang'anywa simu kila alipochelewa, lakini hakupunguza kuchelewa. Je, hiyo ni adhabu hasi?

*Jibu.* (a) Tendo ni kufika mapema. Kilichoondolewa ni kazi ya kuosha vyombo. Kufika mapema kumeongezeka. Huo ni uimarishaji hasi. (b) Hapana. Kitu kimeondolewa, lakini kuchelewa hakukupungua, hivyo kunyang'anywa simu hakukuwa adhabu kwa kijana huyo, ingawa baba alikusudia iwe hivyo. Huenda anachokipata huko anakochelewa kina nguvu kuliko simu. Kiimarishi hicho ndicho cha kutafutwa kwanza.

11. Maswali ya marudio

1. Toa tofauti mbili kati ya ujifunzaji wa Pavlov na ujifunzaji kwa matokeo.
2. Mfanyakazi anavaa vizibo vya masikio karibu na mashine ya kusaga, kelele zinapungua, naye anavivaa kila siku. Taja aina ya matokeo.
3. Eleza kwa nini mlio wa "klik" hutumika katika kumfundisha panya buku badala ya chakula peke yake.
4. Ni ratiba ipi inayoeleza ugumu wa kuacha kamari? Fafanua.
5. "Adhabu inaweza kupunguza kosa moja na kuongeza jingine." Jadili kwa mifano miwili kutoka shuleni.
6. Chagua tabia yako moja unayotaka kuiongeza, kwa mfano kusoma kila jioni. Andika hatua tatu za kuifinyanga, kiimarishi utakachotumia, na namna utakavyohesabu kama imeongezeka.